Somo la Mwezi: Mlima Mmoja, Walimu Wengi



Mwezi uliopita alitujia barazani baba mmoja wa mtaa wetu, fundi mwashi, akifuatana na binti yake aliyemaliza kidato cha sita. Baada ya salamu na kikombe cha chai akaeleza shida iliyomleta. "Mwalimu," akasema, "huyu mjukuu wako anataka kwenda Chuo Kikuu kusomea mazingira na mabadiliko ya tabia ya nchi. Mimi namwuliza: ukisomea udaktari u daktari, ukisomea sheria u mwanasheria. Hili somo lake likiisha, atakuwa nani?"

Binti aliinama kidogo, kisha akajibu kwa adabu: "Babu, somo lenyewe lachanganya sayansi, sheria, uchumi na historia. Baba asema mchanganyiko ni wa zege, si wa elimu."

Tulicheka sote, lakini swali la fundi si la kuchekwa. Ada ni kubwa, na mzazi anayo haki ya kujua anachokinunua. Siku ile tulimjibu kwa kifupi. Tukaahidi kulieleza jambo lenyewe katika ukurasa huu, kwa maana wazazi wengine wametuuliza vivyo hivyo.

Neno "maendeleo endelevu" halihitaji maelezo marefu. Lilienea tangu mwaka 1987, ilipotoka ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norwei, ambaye kwanza alikuwa daktari wa watu. Maana yake ni kujipatia mahitaji yetu ya leo bila kuwazibia njia watakaokuja baada yetu. Mkulima anayeweka mbegu darini wakati watoto wanalia njaa aijua habari hii kuliko wengi walioiandika. Kazi iliyopo ni kujua, katika mahali fulani hasa, ni nini kinachoharibika, kwa sababu gani, na nani afanye nini. Hapo ndipo somo moja peke yake hushindwa. Tutatoa mfano mmoja tu, wa Mlima Kilimanjaro, kwa kuwa unatuhusu sisi wa Korogwe kuliko tunavyodhani.

Mtu akisimama kando ya mto hapa kwetu wakati wa kiangazi huyaona maji yale kuwa ni maji ya Korogwe. Sivyo. Mito mingi ya Kilimanjaro na ya Meru hukutana katika Kikuletwa. Upande wa mashariki kuna mto utokao Ziwa Jipe. Yote miwili huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo mto Pangani, ambao wengi twauita Ruvu, huteremka kandokando ya milima ya Upare na Usambara, ukipokea vijito njiani, hata ukafika kwetu. Halafu huenda Hale, ambako mitambo iliundwa itoe megawati 21 za umeme, na penye Maporomoko ya Pangani, ambako mitambo mipya ya mwaka 1995 iliundwa itoe megawati 68. Ndipo uingie baharini. Maji ya mtoni yakipungua, maji ya chumvi hupanda kuufuata mto, na mwenye minazi na shamba karibu na mdomo wake ndiye ayaonaye kwanza. Basi swali la maji ya mlimani si la Wachagga peke yao.

Hapa yatupasa kukiri jambo. Tulifundisha Jiografia katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na kila mwaka tulichora ubaoni mlima wenye kofia nyeupe, na mistari ya samawati ikishuka kutoka kofia ile hata tambarare. Theluji huyeyuka, mito hujaa. Ndivyo tulivyofundishwa, nasi ndivyo tulivyofundisha. Mwaka 1991 mwanachuo mmoja kutoka Old Moshi alinyosha mkono. "Samahani Mwalimu," akasema, "mfongo wetu hautoki kwenye barafu. Babu yangu ni mmoja wa wenye mfongo ule. Unaanzia msituni, penye ukungu." Mfongo ni mfereji wa maji kwa lugha ya huko. Tulimwambia akae. Katika mtihani akaandika yale yale, nasi tukamkata alama. Mwalimu wa Biolojia alikuwa chumba cha pili, na angeweza kutueleza kazi ya msitu kabla chai haijapoa. Hatukumwuliza. Alikuwa na ratiba yake nasi tulikuwa na yetu.

Hatukuwa wa kwanza kukosa hivyo. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha CMS, aliuona mlima ule na weupe kileleni. Mmoja wa viongozi wake wa njia hakuwa na jina la kitu kile cheupe. Alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann akaelewa kuwa ni theluji, akaandika hivyo. Huko London mtaalamu wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika, alikana kabisa: theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Aliishikilia hoja yake kwa miaka mingi, na vitabu vyake vilikuwa vingi. Yule kiongozi wa njia alikuwa na neno moja tu, nalo lilikuwa la kweli.

Sasa tutazame wataalamu wa siku hizi walivyoujia mlima huu, kila mmoja kwa mlango wake.

Wa kwanza ni wa barafu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipima barafu ya Kibo kwa ajili ya ramani, nayo ilikuwa kiasi cha kilometa za mraba 12. Kufika mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alitoboa barafu hiyo pamoja na wenzake na kutoa nguzo ndefu za barafu. Ile ya chini kabisa waliikadiria kuwa na umri wa miaka kama 11,700. Mwaka 2002 waliandika kwamba, mwendo ukiwa ule ule, barafu yote itakwisha kati ya 2015 na 2020. Magazeti ya dunia yaliichukua sentensi hiyo moja yakaacha kurasa zilizobaki. Mwaka 2020 ulipita na barafu ikalipo, ila kidogo.

Wa pili nao ni wa barafu, lakini walikuja na vipimo vya hewa. Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba kileleni wastani wa hali ya hewa ni nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo joto la hewa peke yake halitoshi kuyeyusha. Kinachoila barafu ni jua na ukame. Theluji mpya yaanguka kidogo, na ile ya zamani hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza, kama vile nguo mbichi ikaukavyo kambani pasipo kuchemshwa. Na ukame huo ulianza karibu mwaka 1880, kabla magari hayajajaa duniani.

Wapo waliolirukia neno hilo wakatangaza kwamba basi habari za dunia kupata joto ni uongo mtupu. Nao wamekosa. Joto la dunia halikupimwa kwa mlima mmoja. Limepimwa kwa bahari, kwa vituo vya hewa vya nchi nyingi na kwa setilaiti, na mwaka 2021 jopo la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia tabia ya nchi lilisema wazi kwamba hakuna shaka kuwa wanadamu ndio walioipasha dunia. Mtu mwenye nusu ya habari ni wa hatari kuliko asiye na habari, kwa maana huyu wa pili bado anauliza.

Wa tatu ni mtaalamu wa mimea, Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Yeye hakwenda kileleni kutafuta maji. Alitembea msituni miaka mingi akiorodhesha mimea na kupima mvua na ukungu. Alichokiona ni hiki. Msitu wa juu, wenye matawi yaliyofunikwa na ndevu za kijani, huyakamata maji ya ukungu kama chujio, maji yasiyopimwa na kopo la mvua. Maji hayo hudondoka, huingia udongoni, na kuibuka chini kuwa chemchemi. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya mlima hutoka katika ukanda wa msitu, na mchango wa barafu ni mdogo sana. Mwaka 2005 aliandika kwamba katika miaka 70 mlima ulikuwa umepoteza karibu theluthi moja ya msitu wake, huku chini kwa shoka na juu kwa moto, na kwamba maji ya ukungu yaliyopotea kwa msitu wa juu kuungua ni mengi kuliko yote yatakayopotea barafu ikiisha.

Makala yake tulionyeshwa na rafiki mmoja mwaka 2011. Tulisoma mara mbili. Kisha tukamkumbuka kijana wa Old Moshi na alama zake.

Lakini hata mtaalamu wa mimea hamalizi swali. Moto wa juu hauwashwi na mimea. Huwashwa na warina asali wanaotumia moshi, na wawindaji, na wapishi wa makambini. Na hali ya hewa ikiwa kavu, cheche iliyozoea kufa yenyewe hutambaa kilometa. Moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 ulichoma kilometa za mraba zipatazo 95 kabla haujazimwa, na mamia ya watu walipanda kuupiga kwa matawi. Je, mrina asali ana njia nyingine ya kupata chakula cha watoto wake? Hilo halimo katika Botania. Lamtaka mtu anayejua kuketi na watu na kuwasikiliza.

Kisha kuna sheria. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili pembeni mwa msitu ili wanavijiji wapate kuni na mbao. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973 kwa sehemu za juu. Mwaka 2005 msitu nao ukaunganishwa na hifadhi hiyo, pamoja na ukanda ule. Mama aliyezoea kukata majani ya ng'ombe humo akaamka siku moja amekuwa mvunja sheria. Huenda msitu ulipata nafuu. Huenda pia mlima ulipoteza walinzi wasiolipwa. Hatutaki kuamua hapa. Twataka tu msomaji aone kwamba mwanasheria asiyejua msitu na bwana misitu asiyejua sheria, kila mmoja ataandika ripoti nzuri yenye tundu. Bibi Sally Falk Moore wa Marekani alianza kama mwanasheria, kisha akawa mtaalamu wa mila, na kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya sheria za kimila za Kilimanjaro kwa miaka mia moja kinaonyesha faida ya mtu mmoja kuwa na macho mawili.

Nayo mifongo ina historia yake: ukoo uliochimba, zamu za maji, siku za kuzibua. Mhandisi akija na bomba bila kuuliza zamu ni za nani, bomba litakatwa usiku.

Kahawa vilevile. Mapatano ya dunia ya mgawo wa kahawa yalivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na wako waliong'oa mibuni katika vihamba wakapanda nyanya zinazohitaji jua na maji mengi ya mfereji. Mti wa kivuli uliokatwa siku ile ulikatwa na soko la ng'ambo, ingawa shoka lilikuwa la Mchagga. Halafu mwaka 2015 Alessandro Craparo wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand na wenzake wakaonyesha kwamba usiku umezidi kuwa na joto, na kila nyuzi moja ya ongezeko la joto la usiku hupunguza kama kilo 137 za kahawa kwa hekta kwa mwaka. Basi mkulima yule apigwa na soko mchana na tabia ya nchi usiku. Na watu wameongezeka: mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu wapatao 650,000 katika hesabu ya 1967, na zaidi ya 1,860,000 katika hesabu ya 2022. Wote wanakunywa.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Tulimwuliza, "Bwana fundi, imepata kukutokea umemaliza kupiga lipu, kisha fundi bomba akaja na nyundo?" Akapiga paja. "Mwalimu, mwaka jana tu! Ukuta mpya kabisa. Na fundi umeme akaja wiki ya pili yake." Tukamwambia, ndiyo hiyo shida ambayo vyuo vikuu vinajaribu kuiondoa: kuwakutanisha mafundi kabla ukuta haujapigwa lipu.

Elimu ya kukutanisha si ngeni nchini mwetu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu miaka ya 1970, mwanafunzi wa uhandisi na wa sheria vilevile hupitia masomo ya maendeleo ya jamii, wapende wasipende. Wengi walinung'unika, na wengi wanaitaja leo kwa shukrani. Chuo hicho hicho kina taasisi ya kuchunguza mali ya asili ambamo wanajiografia, wachumi na wanasayansi hukaa chini ya paa moja. Na katika ile ripoti kubwa ya jopo la tabia ya nchi ya mwaka 2007, sura ya Afrika iliongozwa na waandishi 9. Mmoja wao ni Pius Yanda wa Dar es Salaam. Mwingine ni Andrew Githeko wa Kenya, ambaye kazi yake ni mbu na malaria. Mtu wa mbu katika kitabu cha hali ya hewa! Lakini mbu hupanda mlima kadiri joto linavyopanda. Asingekuwamo, nani angelisema hilo?

Hata hivyo tusisifu tu. Iko namna mbovu ya kuchanganya masomo, nasi tumeifanya wenyewe chuoni. Jumatatu aingia mwalimu wa sayansi, Jumanne wa uchumi, Jumatano wa historia. Kila mmoja asema yake, afunga mlango, aenda zake. Mwanafunzi aachwa na madaftari matatu, na kazi ya kuyaunganisha, ambayo walimu watatu imewashinda, apewa yeye bila mshahara. Huyo akitoka ajua maneno mengi ya mazingira, lakini hawezi kupima mto. Namna njema ni kuchukua swali moja na mahali pamoja, kama mfongo mmoja wa Old Moshi, na kuwapeleka wote: mmoja apime maji, mmoja ahesabu miti, mmoja asome daftari la zamu, mmoja aketi na wazee, jioni wabishane mezani hata kieleweke. Ubishi ule ndio darasa.

Kwa hiyo binti tulimpa ushauri ambao huenda si wa wote. Kwanza awe na ufundi mmoja mkononi, wa kweli, wenye hesabu ndani yake: maji, au mimea, au udongo, au sheria. Pili ajifunze kusikiliza lugha ya mafundi wengine hata aweze kuwauliza swali la maana. Kabla ya kujaza fomu aulize chuo mambo haya: Je, walimu wa somo hili huingia darasani pamoja, au hupishana mlangoni? Wanafunzi hukaa siku ngapi kijijini? Tena, takwimu zafundishwa kwa bidii au kwa kupitisha? Chuo kisichoweza kujibu, na aendelee mbele.

"Basi atakuwa nani?" akauliza baba tena, maana fundi haachi kipimo chake. Binti akajibu mwenyewe. "Baba, nitakuwa mtu wa maji." Mtu wa maji huhitajika katika bodi ya bonde la Pangani, katika halmashauri, penye mitambo ya umeme, katika hifadhi, hata shuleni, ambako bado wanachora mlima wenye kofia nyeupe. Baba akanyamaza kidogo, akasema hilo analielewa. Fomu zimejazwa, na chaguo la kwanza ni uhandisi wa rasilimali za maji.

Kwa vikundi vitakavyolisoma somo hili pamoja, jadilini haya:

1. Katika kijiji chenu, ni kitu gani kimepungua katika miaka 20 iliyopita: maji, kuni, samaki au rutuba? Kila mmoja aandike sababu moja kwenye kipande cha karatasi bila kumwonyesha mwenzake, kisha zisomwe zote.

2. Tukisema wanaoteka maji juu wanawanyima walio chini, na walio chini wana bwawa na umeme, ni nani anayestahili kuketi kwenye mkutano wa maji, na nani hajawahi kuitwa?

3. Kijito au chemchemi mnayoteka yaanzia wapi hasa? Mwulizeni mzee kuliko wote kabla hamjafungua kitabu, na mkiweza pandeni mkaone.